Meno ya Diski, Meno ya Mama

Fedha za meno ya Mama zilikuwa zimetunzwa ndani ya kopo la vifungo, chini ya cherehani, na zilikaa humo salama mpaka siku Fundi Milimita alipogundua kwamba hata chuma kina meno.

Jina la Milimita alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hapakuwa na neno alilolipenda kuliko hilo. Ukimwuliza njia ya kwenda sokoni, angekuelekeza upinde kushoto kisha usogee milimita mbili. Kazi yake ilikuwa kukata na kupanga vigae, na kwa kazi hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Ubaya wake ulikuwa mmoja: kitu asichokijua alikiona hakina maana ya kujulikana. Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita hivyohivyo, Mshonaji, utadhani hakuzaliwa bali alinunuliwa pamoja na cherehani.

Mama, yaani mama mzazi wa Milimita, alihamia kwao tangu meno yake ya mwisho yalipomtoka. Zamani, akija kutembea, alikuwa mkaguzi mkuu wa jiko la Mshonaji. Wali una mawe, nyama haijaiva, mchuzi hauna chumvi. Siku hizi alimeza uji na viazi vilivyopondwa, akashukuru, akanyamaza, na akizungumza mbele ya wageni aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Majirani walimpongeza Mshonaji kwa kujaliwa mama mkwe mpole. Mshonaji mwenyewe aliwahi kumwomba Mungu amjalie utulivu huo, na alipoupata hakuupenda hata kidogo. Ndiyo maana alianza kuweka fedha kwenye kopo, kwa kila gauni na kila suruali iliyopunguzwa kiuno, mpaka fundi wa meno akamng'atisha Mama donge la nta kuchukua vipimo na kusema karibuni mkiwa tayari.

Wakawa tayari. Siku hiyohiyo Milimita akarudi kutoka kazini kapauka vumbi na aibu.

"Kingo zimemeguka," alisema, akiketi. "Zimemeguka kama mkate wa juzi."

"Nani kazimegua?" Mshonaji aliuliza, macho kwenye sindano.

"Diski."

"Kwani diski ilikwenda kazini peke yake?"

Milimita alijikung'uta vumbi magotini. Kazi yenyewe ilikuwa ya mwanamke mmoja tajiri aliyekuwa akimalizia nyumba yake mpya, naye aliitwa Madamu na kila aliyetaka kulipwa. Madamu alitaka kaunta za jikoni za jiwe la graniti. Alipomwuliza Milimita kama anaiweza, Milimita, ambaye maisha yake yote alikuwa amekata vigae tu, alijibu kwamba graniti ni kigae kilichoshiba. Sasa graniti hiyo iliyoshiba ilikuwa imetafuna diski zake zote za kukatia, za bei rahisi, na bamba la kwanza, lenye thamani kuliko kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yao, lilikuwa na ukingo uliomegukameguka.

"Ameniambia ama nilete diski ya maana, ama atamleta fundi wa maana," Milimita alisema. "Na bamba lile atanikata kwenye malipo."

"Diski ya maana ni ipi? Si wewe uliyesema diski zote ni sawa, tofauti ni rangi?"

"Nilisema kwa vigae. Kuna diski ya almasi ya daraja la juu. Bei yake ni ya diski za kawaida kumi na mbili."

"Basi nunua kumi na mbili."

"Mke wangu, kuku kumi na wawili hawawi ng'ombe."

Mshonaji aliacha kushona. Alikuwa ameshalitazama kopo la vifungo kabla ya mumewe kulitazama, na kila mmoja alijua mwenzake ametazama wapi. Milimita akaanza kueleza jinsi kazi ya Madamu ikikamilika malipo yake yatakavyorudisha fedha zote, meno yatakuja ya juu na ya chini, na pengine hata moja litakuwa la dhahabu.

"Sitaki la dhahabu," Mama alisema kutoka kwenye mkeka wake, mtandio mdomoni. "Mpe, mwanangu. Meno ya nini kukimbiliwa? Yangu yalishakimbia yenyewe."

Aliyasema hayo akicheka, lakini Mshonaji alimfahamu. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wote mtaani kwamba anapata meno, na mmoja wao alikuwa ameahidi kumkaangia karanga.

*

Mshonaji alikwenda naye dukani, kwa kuwa kopo lilikuwa lake. Mwenye duka la vifaa alikaa nyuma ya nondo na kikombe cha chai, akatandaza diski tatu juu ya kaunta. Ya kwanza aliitaja kwa sauti ya kawaida. Ya pili aliisifu kidogo. Ya tatu aliitoa kwenye boksi lake na kushusha sauti, kama mtu anayemtaja marehemu.

"Ina nini hii ambacho zile hazina?" Mshonaji aliuliza.

"Almasi, mama. Imejaa almasi."

"Nionyeshe hata moja."

"Ni punje ndogondogo. Zimechanganywa na chuma hapa kwenye meno. Kwa macho huzioni."

"Kwa hiyo nanunua nisichokiona."

"Hata hewa huioni, mama."

"Hewa haijawahi kunitoza bei hii."

Mwenye duka alicheka, akamgeukia Milimita kama mwanamume anayemwokoa mwanamume mwenzake. "Fundi, umekata graniti siku nyingi?"

"Nimezaliwa nayo," Milimita alijibu.

"Vizuri. Kwa sababu kwenye graniti kuna jambo moja la kuangalia. Ukiona diski inaanza..."

"Ndugu yangu," Milimita alimkatiza, akiinua kiganja, "mimi naitwa Milimita."

Mwenye duka akafunga mdomo, akafungua droo. Alikuwa mfanyabiashara, na mteja asiyeuliza maswali ni neema. Mshonaji alihesabu fedha juu ya kaunta, noti zikinuka mafuta ya cherehani, na vifungo viwili vilivyokuwa vimenasa kati yake vikadondoka sakafuni. Mwenye duka alimwokotea vifungo vyote viwili. Hilo ndilo lililokuwa punguzo.

*

Diski ikaingia nyumbani kama bibi harusi. Milimita aliomba kitambaa laini, Mshonaji akampa kipande cha flaneli kilichobaki kwenye blanketi la mtoto wa mteja, akaifunga humo na kuiweka ndani ya kabati, juu ya glasi za wageni. Glasi zenyewe zilihamishwa. Kila jioni aliporudi aliifuta kwa mafuta, akaikagua kwenye mwanga, akairudisha kitandani. Mshonaji alikumbuka kwamba hata yeye, mwaka wa kwanza wa ndoa, hakufutwa vumbi namna ile.

Basi kwenye mlango wa nyuma palikuwa na tofali la saruji ambalo Milimita aliliweka liwe ngazi. Lilichomoza kuliko inavyotakiwa, upana wa kiganja, na Mama alijikwaa hapo mara kwa mara akienda uani. Milimita alikuwa ameahidi kulipunguza tangu Mama alipohamia. Nyumba ya fundi ndiyo hiyo, hakuna anayeshangaa.

"Sasa umepata diski kali," Mama alimwambia. "Nipunguzie hilo tofali."

"Kwa hii?" Milimita aliikumbatia. "Mama, hii ni ya graniti. Kukatia tofali diski hii ni kama kuosha sufuria kwa manukato."

"Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu mpe jembe."

"Si mgeni huyu, Mama. Huyu ndiye anayetulisha."

Mama alitazama bakuli lake la uji, akaona si vizuri kuuliza analishwa nini.

*

Siku za mwanzo kazi ilikwenda vizuri mno. Milimita alirudi na habari kwamba ukingo wa graniti unatoka laini kama umelambwa, kwamba Madamu ameleta marafiki zake kuangalia, kwamba rafiki mmoja ameomba namba ya simu. Mshonaji alianza kujiona mchoyo. Alifika hatua ya kumwambia mumewe kwamba labda kweli, rahisi huvunja upishi.

Kisha Milimita akaanza kurudi kimya.

Siku moja Mshonaji alimpelekea chakula kazini ili akaone mwenyewe. Alipofika mlango wa mbele, Madamu alimwonyesha kwa kidole aingilie nyuma. "Na hapo usikanyage, mama wa chakula, pamesafishwa." Mshonaji akazunguka nyumba nzima na chakula chake, akapita kwenye matope ili sakafu isipate matope.

Alimkuta Milimita ameinama juu ya bamba, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa viti vilikuwa vya watu wasiofanya kazi. Grainda, mashine inayozungusha diski, ilikuwa ikilia kwa mluzi mwembamba. Aliisukuma taratibu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayepapasa yai kuona kama lina kifaranga. Mshonaji hakujua graniti, lakini alikuwa ameishi na mkata vigae, na alijua maji yanayomiminwa kwenye diski lazima yatoke mazito kama uji wa kijivu. Haya yalitoka masafi. Ungeweza kuyanywa.

"Mbona haikati?" aliuliza.

"Inakata. Ni taratibu tu."

"Kandamiza kidogo."

"Nikandamize? Unajua bei yake?"

"Naijua. Nimeilipa."

Akajaribu kukandamiza. Mluzi ukapanda, kukatoka harufu ya chuma kilichoungua, na mstari kwenye bamba haukuongezeka hata hiyo milimita anayoitiwa. Madamu alijitokeza mlangoni, mkono kiunoni.

"Fundi, nasikia kelele, sioni kazi. Nakupa mpaka mwisho wa wiki. Baada ya hapo chukua ndoo yako. Tena ndoo yenyewe ni yangu, iache."

Milimita alisema ndiyo Madamu. Mshonaji hakuwahi kumsikia mumewe akisema ndiyo kwa sauti ile, na alitamani asingekuja kuisikia. Chakula kililiwa na mtu mmoja na hakikutazamwa na yeyote.

Milimita alibeba grainda yake wakaondoka pamoja, na njiani Mshonaji alimsihi wapitie dukani. "Mwenye duka alitaka kutuambia jambo siku ile. Twende tumwulize."

"Nikamwambie nini? Kwamba mtu aliyezaliwa na graniti ameshindwa nayo?"

"Mwambie hivyohivyo. Atacheka, kisha atakuambia."

"Ametuuzia takataka. Diski imekufa. Basi." Akaongeza, akitazama barabara, "Na meno ya Mama yamekufa nayo."

Alipofika nyumbani alitupa grainda uani, diski ikiwa ndani yake, bila flaneli wala mafuta. Akaingia chumbani mchana kweupe, akajilaza akitazama ukuta. Hakutaka chai. Mama alimwitia mlangoni kwamba hakuna ubaya, yeye viazi amevizoea, na maneno hayo yakamfanya ajifunike shuka mpaka kichwani.

*

Siku iliyofuata Milimita hakuamka kwenda kazini. Mama, kwa kumwonea huruma, alimtengenezea uji kwa mkono wake jikoni uani, akawa anauleta ndani kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu cha thamani. Kwenye mlango wa nyuma mguu wake ukagonga tofali.

Mshonaji alisikia bakuli kabla ya kumsikia Mama. Alimkuta amepiga magoti, uji umemwagika mpaka kwenye mikono, mdomo wazi bila mtandio. Hakuwa ameumia. Alikuwa akilia tu, bila sauti, na alipomwona mkwewe akauziba mdomo haraka kwa kiganja chenye uji.

Mshonaji alimnyanyua, akamfuta, akamkalisha. Alikuwa na hasira mpaka mikono yake ikatulia. Aliyemkasirikia hasa ni nani hakuweza kusema: Madamu, mwenye duka, mumewe, au yeye mwenyewe aliyemimina kopo. Lakini tofali lilikuwa karibu kuliko wote.

Akaiokota grainda. Akavuta waya wa umeme wa cherehani ukafika mlangoni. Akavaa miwani ya mumewe, akajifunga kitambaa puani, akachora mstari kwenye tofali kwa chaki yake ya kushonea.

"Unafanya nini, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Nampa mgeni jembe."

Mara ya kwanza diski iliteleza, ikalia mluzi uleule. Mshonaji hakuwa na muda wa kuibembeleza. Akaikandamiza kama anavyokandamiza jinzi nzito chini ya sindano. Vumbi likaanza kutoka kidogo, kisha mkondo mzima, jeupe, likajaa uani na kuwafunika majirani waliokuwa wamekwisha kuja kuona mke wa fundi akifanya kazi ya fundi. Mlio ukabadilika. Ukawa mzito, wa kutafuna. Kipande cha tofali kikadondoka chenyewe.

Milimita alitokea na shuka begani.

"Umefanya nini?"

"Ulichoahidi kufanya."

"Kwa diski yangu? Kwa tofali? Kavukavu?"

"Jana uliniambia imekufa," Mshonaji alisema, akivua miwani. "Maiti haichagui kaburi."

Majirani walicheka. Milimita hakucheka. Alimnyang'anya grainda, akachomoa waya, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya diski ili ahesabu hasara mbele ya mashahidi. Kidole kikasimama. Jana meno yale yalikuwa laini kama sahani. Leo yalikuwa na mikwaruzo na chembe za kijivu zilizochomoza, ukigusa yanakukwaruza kama ulimi wa paka. Alirudia kupitisha kidole. Kisha, bila kumtazama mtu, akaenda kuchukua kipande cha graniti alichokuwa akiegemeza mlango wa bafu, akamwagia maji, akawasha.

Maji yakatoka mazito kama uji.

Kipande kiligawanyika katikati, na Milimita akabaki ameshika grainda iliyozimwa, shuka likiwa limeanguka na kulowa. Alimtazama mkewe, akafungua mdomo. Mshonaji alisubiri neno moja la shukrani, au hata nusu yake.

"Hukunyoosha mstari," Milimita alisema. "Umepinda milimita tatu."

Akavaa viatu, akaenda kazini akikimbia.

*

Kaunta zilikamilika. Madamu alilipa, akakata bamba la kwanza, akakata siku za kuchelewa, na angekata na maji kama yangekuwa na mita jikoni. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko ahadi na kikubwa kuliko walivyotegemea baada ya siku ile ya shuka. Kilitosha meno ya juu na ya chini, yote meupe. La dhahabu hakuna aliyelikumbusha.

Mshonaji alipita dukani siku aliyokwenda kununua nyuzi. "Siku ile ulitaka kusema nini?" alimwuliza mwenye duka.

"Kwamba graniti ni ngumu mno. Ukienda nayo kwa upole inazisugua zile punje za juu mpaka zinakuwa butu, na chuma hakiliki ili za chini zitoke. Ikiteleza, unaikatisha tofali la saruji kidogo tu. Tofali linakula chuma, almasi mpya zinajitokeza. Diski hiyo, mama, inakata kwa kuchakaa. Asiyetaka ichakae asinunue." Akanywa chai. "Lakini mumeo alikuwa na haraka ya kuniambia jina lake."

Mshonaji hakumpelekea mumewe maneno hayo. Hakukuwa na haja. Milimita alikuwa ameanza kuwafundisha mafundi wenzake jinsi ya kufungua diski iliyoziba, mbinu aliyoigundua, alisema, baada ya uchunguzi wa muda mrefu. Diski za bei rahisi alizotumia maisha yake yote hazikuwahi kumfundisha, kwa kuwa zilikufa kabla ya kupata nafasi ya kuziba. Walipomwuliza kama bei ile inalipa, alisema ghali ndiyo rahisi. Walipomwuliza mkewe, alisema inalipa, mradi nyumbani kuwe na mtu mwenye hasira.

Siku meno yalipoletwa, Mama aliyavaa mara moja mbele ya kioo, akageuza uso huku na huku, akayavua. Aliyafuta vizuri. Akaomba kile kipande cha flaneli, ambacho sasa hakikuwa na kazi, akayafunga humo na kuyaweka kwenye kabati, pale palipokuwa kitanda cha diski. Kisha akaketi na kuvuta bakuli lake la viazi vilivyopondwa.

"Mama," Milimita alisema, "meno si yamekuja?"

"Yamekuja, mwanangu. Mazuri sana. Nitayavaa wakija wageni."

"Mama, meno ni ya kutafunia."

"Nikiyatafunia si yataisha? Unajua bei yake?"

Milimita akafumbua mdomo, akakutana na macho ya mkewe, akaufumba. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alitazama chini bila kupima kitu. Mshonaji akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya karanga za kukaanga. Akafungua kabati, akaleta na flaneli, akaviweka vyote mbele ya Mama.

"Haya, Mama. Tofali lako hili."

Mama alizitazama karanga. Alimtazama mwanawe, kisha mkwewe, akageukia ukutani kuyavaa, maana heshima ni heshima. Karanga ya kwanza ilisikika chumba kizima. Alitafuna taratibu, akisikiliza, ncha ya mtandio imeanguka begani na hakuikumbuka. Akatafuna ya pili. Ya tatu aliishikilia mdomoni kidogo, akakunja uso.

"Hizi karanga hazina chumvi," alisema.

Mshonaji akageuka, akaenda kuleta chumvi.